Mke wa Balozi Yumo Kabatini

Mungu akimpa mtu kipaji hamuulizi atakitumia wapi. Fundi Bomba alipewa pua, tena pua ya kunusa kweli, kisha riziki yake ikawekwa kwenye mabomba machafu ya watu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiinama juu ya sinki lililoziba, anavuta pumzi moja fupi, anasema, "Tatizo si hapa. Liko mita mbili kwenda chini, na ni nywele." Wakifungua, nywele wanazikuta, mita mbili kwenda chini. Wateja walimwogopa kidogo. Kuna mama mmoja alimpiga marufuku nyumbani kwake, kwa sababu Fundi aliingia bafuni, akanusa, akauliza kwa nia njema kabisa, "Nani humu anavuta sigara dirishani?" Mume wa yule mama alikuwa amesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyekuwa ameapa kwamba ameacha.

Mkewe naye hakuwa mtu wa mchezo. Mtaani walimwita Mama Kola, maana alikuwa dobi, na kola alizozipiga pasi yeye zilisimama zenyewe kama askari wa gwaride. Alifua nguo za mtaa mzima. Akishika shati la mtu alijua limepanda basi au limekwenda kwa miguu, limekula wapi, na limekaa karibu na nani. Ila kwake harufu ilikuwa adui wa kazi. "Nguo safi," alikuwa akisema, "hainuki wala hainukii." Neno hilo alilichora kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya meza ya pasi.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, Fundi aliitwa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani karibu na kiwanda cha magodoro. Alikuwa anakaa hapo bibi mmoja mjane, mwembamba, amevaa miwani yenye mnyororo. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja, na mbele ya bomba kulikuwa na kabati.

"Shikamoo, bibi. Kabati hili lazima nilitoe. Ugonjwa uko nyuma yake."

"Marahaba. Litoe, mwanangu, lakini taratibu. Lichukulie kama mtoto aliyelala."

Fundi alifungua milango ya kabati ili alipunguzie uzito, akakuta vichupa. Vilikuwa vingi, zaidi ya sitini, vya mraba na vya duara, vingine vina vifuniko vya kioo, vingine vimefungwa uzi shingoni. Maji ya ndani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Akawa anavitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya taulo. Kimoja kilikuwa na kifuniko kilicholegea. Tone likamdondokea kwenye mkono wa shati, pale kiwiko kinapokunjwa.

Kwanza alisikia ukali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akakunja uso. Alipovuta pumzi ya pili, ukali ulikuwa umeondoka, na nyuma yake kukafunguka kitu ambacho Fundi hakuwahi kukutana nacho katika miaka ishirini na miwili ya mabomba. Akasimama hapo na spana mkononi. Dakika zikapita. Maji yakaendelea kudondoka, na yeye hakuyasikia.

Bibi alikuwa mlangoni anamtazama. "Unasikia nini?" akauliza.

Fundi aliona haya. Mwanamume mzima, ovaroli limejaa grisi, amekutwa ananusa mkono wake kama ua. Lakini swali liliulizwa kwa heshima, naye akajibu kwa heshima.

"Kuna ganda la chungwa, bibi. Si la leo. La chungwa lililowekwa juu ya kabati likakauka. Chini yake kuna mkoba wa ngozi. Na ndani ya mkoba kuna mtu alisahau tumbaku."

Bibi alikaa kwenye ukingo wa bafu. "Miaka kumi na tisa," alisema. "Miaka kumi na tisa nangoja mtu anijibu hivyo. Wanangu nikiwanusisha wanasema, 'Inanukia vizuri, mama.' Vizuri! Hata sabuni inanukia vizuri!"

Ndipo akamweleza. Alikuwa ameuza manukato katika duka kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, amesimama nyuma ya kaunta ya kioo na viatu vinavyombana. Duka lilipofungwa, manukato mapya yalichukuliwa. Yale ya zamani, ambayo viwanda vyake vilikuwa vimekufa au vimeacha kuyatengeneza, hayakutakiwa na mtu. Bibi akayabeba kwenye masanduku mawili. Tangu hapo yalikaa bafuni, gizani, maana jua ni muuaji wa manukato. Alivijua vyote. Na kwa kuwa majina ya kwenye lebo yalikuwa marefu ya kigeni, na mengi yamefutika, aliviita vichupa kwa watu waliokuwa wakivinunua. Kile kilichomdondokea Fundi kilikuwa Mwanasheria. Kulikuwa na Mwalimu wa Muziki, kulikuwa na Binti wa Posta, na kulikuwa na Mapacha, vichupa viwili vilivyofanana ambavyo havitakiwi kutumiwa siku moja. Katikati ya rafu ya juu, peke yake, alikaa Mke wa Balozi.

"Huyo siku nyingine," Bibi alisema, akakisogeza kichupa mbali kidogo. "Huyo hapewi mgeni."

Bomba la Bibi lilikuwa kazi ya dakika arobaini. Fundi alilitengeneza kwa wiki saba.

Kila Jumanne na Alhamisi saa nne alipanda ngazi, akafungua nati moja, akaifunga, kisha wakakaa mezani na vipande vya karatasi nyeupe. Bibi alikuwa mwalimu mkali. Ukisugua mkono kwa mkono alikupiga kofi la vidole: "Unayavunja!" Pua ikichoka alikuamuru unuse kiwiko chako mwenyewe, maana hiyo ndiyo harufu ambayo pua inaijua na kupumzika nayo. Alimfundisha kwamba manukato mazuri yana maneno ya kubisha hodi, yana mazungumzo ya sebuleni, na yana maneno ya kuaga, na kwamba mjinga hununua kwa ile hodi. Manukato ya zamani hodi yake huwa imeharibika, ndiyo maana mwanzo yanachoma. Ukiwa na subira ya dakika tano, mwenye nyumba mwenyewe anatoka.

Na kwa kuwa ngozi ya Fundi ilikuwa na historia yake ya mabomba, manukato waliyapaka kwenye shati. Fundi alijipa moyo kwamba ovaroli litafunika.

Kwa nini hakumwambia mkewe? Alijaribu. Wiki ya kwanza alisimama mbele ya meza ya pasi, akafungua mdomo, macho yake yakagonga yale maandishi mekundu ukutani, akafunga mdomo. Akaenda kuwajaribia mafundi wenzake pale duka la vifaa. Alisema tu, "Hivi mmewahi kusikia harufu ya ua la urujuani?" Walicheka mpaka mwenye duka akamwaga misumari. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Bi Urujuani. Basi Fundi akaamua kufa na siri yake.

Lakini kumficha harufu mwanamke anayefua nguo za mtaa mzima ni sawa na kumficha daktari kikohozi. Wiki ya pili Mama Kola alianza kuwa na adabu. Hilo ndilo lilipaswa kumtisha Fundi, lakini wanaume huwa hawaogopi adabu mpaka wamechelewa. Alimpokea mlangoni kama mteja: "Karibu, bwana. Una nguo za kuacha?" Akamvua shati kwa vidole viwili. Fundi akafikiri, jamani, mke wangu siku hizi amekuwa mpole.

Jumapili moja alasiri Fundi alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Mama Kola alikuwa pembeni anapiga pasi shuka. Fundi akatabasamu usingizini, akasema kwa sauti tamu, "Mke wa Balozi... huyo anakaa sana... mpaka kesho yake bado yuko shingoni."

Mama Kola alisimamisha pasi wima, taratibu, kwa utaratibu wa kutisha.

Kesho yake alikagua mifuko ya ovaroli, kama dobi yeyote anavyokagua kabla ya kuloweka. Akatoa kijitabu. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: *Bomba nusu inchi, mita tatu. Kiwiko kimoja.* Chini yake: *Mke wa Balozi. Anaanza kwa ukali. Baada ya robo saa analainika. Usimkimbilie.* Ukurasa wa pili: *Mapacha. Wote wawili kwa mara moja ni wengi mno. Bora mmoja mmoja.* Mama Kola alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akalia huku amejifunika na taulo la mteja. Kisha akalifua taulo lile upya, maana kazi ni kazi, akaenda kumpigia simu mama yake.

Kikao kiliitishwa Jumamosi saa tisa alasiri, pale pale kwa dobi, baada ya kufunga. Fundi aliingia akipiga mluzi, akakuta viti vinne vimepangwa. Kimoja alikalia mama mkwe wake, mikono imeshika mkoba mapajani. Cha pili alikalia shemeji yake mkubwa, kaka wa Mama Kola, karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyependa utaratibu kuliko chakula. Shemeji alikuwa na mafua. Mafua yale yalikuwa na miaka kumi na moja sasa, na familia ilikuwa imezoea kuyahesabu kama ndugu mmojawapo.

Nyuma yao, kwenye bomba la kuning'inizia nguo, yalikuwa mashati manne ya Fundi. Hayakuwa yamefuliwa. Kila moja lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, limefungwa kwa utepe, lina kikaratasi cha namba.

"Bshtakiwa aketi," alisema Shemeji. Alikusudia mshtakiwa, ila pua ilikuwa imekula herufi.

"Jamani, kuna nini?"

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa huzuni, "mimi nilikupokea kama mtoto wa kunizaa. Wanawake wanne? Hata marehemu baba mkwe wako, pamoja na yote, hakufika wanne."

Kabla Fundi hajapata pumzi, Mama Kola alisimama. Alikuwa amevaa gauni la kwenda kwenye hafla, na kola yake ingeweza kukata mkate. "Kielelezo cha kwanza," alisema, akafungua mfuko, akanusa mara moja tu. "Huyu ni mtu mzima, amepita hamsini. Hana haraka. Ana gari lenye viti vya ngozi. Anavuta sigara, lakini kwa kujificha, maana anaweka machungwa karibu kuua harufu."

"Maganda," Fundi alijikuta anasema. "Maganda makavu."

"Nimesema hivyo hivyo! Unadhani sina pua?"

Fundi alimtazama mkewe kwa mdomo wazi. Yeye alihitaji dakika kumi kuupata ule mkoba wa ngozi.

"Kielelezo cha pili. Huyu ni mwembamba, baridi, hacheki ovyo. Anajipaka ile poda ya usoni ya zamani, ya kopo. Na ana karoti."

"Ana nini?" aliuliza Shemeji, kalamu imesimama.

"Karoti. Mbichi, imetoka kung'olewa, bado ina udongo."

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. "Karoti! Wiki mbili nimekaa na Mwalimu wa Muziki nikijiuliza ule udongo mtamu ni wa nini! Bibi anasema ni mzizi wa ua fulani, mimi nasema hapana, kuna kitu hapo nakijua. Karoti, mke wangu! Ni karoti!"

"Usiniite mke wangu na karoti ya mtu mdomoni!"

"Bwalimu wa buziki," Shemeji alisema huku akiandika. "Abekiri."

Shati la tatu mama mkwe hakungoja lisomwe. Tangu mfuko ulipofunguliwa alikuwa amenyoosha shingo. "Lete hapa," alisema. Akalishika, akaliweka puani, akafumba macho. Palikuwa na yasmini, palikuwa na pichi iliyoiva mpaka inakaribia kuoza, na pembeni kidogo palikuwa na vumbi la stempu.

"Huyu namfahamu," alisema polepole.

"Unamfahamu, mama? Ni nani?" Mama Kola alisogea. "Mtaje!"

"Huyu ni mimi."

Shemeji, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaandika: *Mwanamke wa tatu, Mama.* Akasoma alichokiandika. Akakifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Nilijipaka haya siku niliyopigwa picha na baba yenu mara ya kwanza," mama mkwe aliendelea, amelibana shati la mkwewe shavuni. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi posta. Nilitafuta tena kichupa chake, nikaambiwa hakitengenezwi. Wewe umemtoa wapi huyu mtoto?"

"Mama, kesi!" alisema Mama Kola.

"Ndiyo, ndiyo, kesi. Endelea. Shati nitalishika mimi."

Mama Kola alifungua mfuko wa nne. Hakuhitaji kuusogeza puani, ukajileta wenyewe. "Na huyu ndiye mwenyewe," alisema. "Huyu anaingia kabla hajabisha hodi. Maua meupe, mengi, yamekaa kwenye chombo siku tatu na maji hayajabadilishwa. Asali. Na chini kabisa kuna mnyama. Kuna paka amelala juu ya koti la manyoya. Mwanamke huyu hana aibu hata kidogo."

"Hana," Fundi alikubali kwa moyo wote.

"Unaona!"

"Lakini si mwanamke! Ni manukato! Wote ni manukato, ni vichupa, ni vya bibi mmoja wa ghorofa ya tatu!"

Shemeji alipenga kamasi kwa cheo. "Kila bshtakiwa huseba hivyo," alisema, ingawa katika miaka yake yote mahakamani hakuwahi kusikia mshtakiwa hata mmoja akisema hivyo. "Twende eneo la tukio."

Wakatoka wote wanne. Mama Kola mbele amebeba shati la nne kama bendera, Shemeji anafuata na mwavuli ingawa jua lilikuwa kali, mama mkwe nyuma yake ananusa, na Fundi mwisho. Walipanda ghorofa tatu wakibishana juu ya karoti. Fundi alibisha hodi.

Bibi alifungua, akawatazama mmoja mmoja. "Fundi, leo Jumamosi. Umeleta wasaidizi?"

"Shikamoo, bibi," Mama Kola alisema kwa adabu iliyobana meno. "Mimi ni mke wake. Nimekuja kuonana na Mke wa Balozi."

"Mke wa Balozi?" Bibi alishangaa. "Yumo kabatini. Lakini leo si siku yake."

Shemeji akainua mwavuli. "Kabatini! Hubu ndani! Toka bwenyewe, bama, kabla hatujaingia!"

Mama Kola alikuwa ameshapita. Alifika bafuni, akashika milango ya kabati kwa mikono miwili, akaivuta. Kikamtazama kichupa kimoja cha kioo kizito, kimefungwa uzi mwekundu shingoni, na wenzake sitini wamemzunguka. Akakitoa kifuniko. Paka, koti, maua, asali. Alinusa shati. Akanusa kichupa. Akanusa shati tena.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," alisema.

"Hakuna," Fundi alisema kutoka mlangoni.

"Hata mmoja."

"Hata nusu."

Mama Kola alikaa kwenye ukingo wa bafu. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Wiki saba," alisema. "Nimelia kwenye beseni la kola. Nimemfulia mchungaji joho lake mara mbili kwa sababu nilidondoshea machozi. Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alipiga goti sakafuni, pale pale penye unyevu. "Nilikuja kukwambia. Nikasoma ukutani. Nguo safi hainuki wala hainukii. Nikaona utanicheka. Kule duka la vifaa wananiita Bi Urujuani."

"Nilisema nguo," alisema Mama Kola. "Sikusema mtu."

Akampiga begani, si kwa nguvu. Kisha akampiga tena, kwa nguvu, maana kutengeneza bomba la dakika arobaini kwa wiki saba ni uongo hata kama hakuna mwanamke. Fundi aliipokea ya pili bila kulalamika.

Bibi alikuwa anahangaika na jambo jingine. "Samahani," alisema. "Nani alisema karoti? Nimewasikia mkibishana kwenye ngazi. Nani aliyesikia karoti?"

Wote wakamwonyesha Mama Kola. Bibi akavaa miwani yake vizuri, akamtazama kama mtu anayetazama almasi iliyookotwa kwenye kapu la nguo chafu. "Njoo mezani, mwanangu," alisema.

Akamjaribu. Alimpa karatasi ya kwanza, Mama Kola akasema, "Penseli iliyochongwa sasa hivi, na mdalasini." Ya pili: "Ubani, halafu maziwa ya moto, halafu mtu amezima mshumaa." Ya tatu: "Mawe ya kisimani yenye ukoga wa kijani, limau, na mwanamke anayejifanya hana habari." Bibi alipiga kofi la furaha kwa kila jibu. Fundi aliandika kwa kasi mpaka penseli ikavunjika. Mama mkwe alikuwa amemkuta Binti wa Posta mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Shemeji peke yake alikaa ameinamisha kichwa. Alinusa kila karatasi aliyopewa, akasema, "Hakuna kitu." Bibi akamhurumia. Akamletea Mke wa Balozi, akamshikia kichupa chini ya pua, akamwambia avute kwa nguvu zake zote. Shemeji akavuta. Macho yakamtoka. Uso ukawa mwekundu, ukavimba, kisha akapiga chafya moja ambayo iliyumbisha pazia na kuzima redio ya jirani, au jirani aliizima mwenyewe kwa woga. Akabaki ameduwaa, machozi yanamtiririka.

"Kuna paka humu?" aliuliza, kwa M mahali pake.

Familia nzima ikapiga vigelegele. Alizunguka chumba kizima ananusa mapazia, vitabu, kisu cha siagi, mpaka akafika kwenye viatu vyake mwenyewe, akavivua, akaviweka nje ya mlango.

Hapo ndipo Bibi, kwa furaha ya siku ile, alipoamua kumtoa Mgeni. Mgeni kilikuwa kichupa kidogo cha kahawia kisicho na lebo. Kilikuwa kimekutwa ndani ya masanduku siku ya kuhama, na hakuna aliyewahi kukinunua, ndiyo maana hakikuwa na jina la mtu. Yeye na Fundi walikuwa wamemtolea Alhamisi mbili nzima. Hawakuthubutu kumpaka popote, walinusa kifuniko tu, tena kwa zamu.

"Tusomee alichoandika," Bibi alimwambia Mama Kola, akimwonyesha kijitabu.

Mama Kola akasoma kwa sauti: "*Mgeni. Hana ua hata moja. Ni upweke wa chuma asubuhi na mapema. Ni chumba cheupe ambacho mtu amehama. Mwenye kutengeneza hiki alikuwa amekata tamaa na dunia, lakini aliisamehe.*" Alimtazama mumewe kwa muda. "Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Bibi aliongeza hapo pa kusamehe," Fundi alisema kwa unyenyekevu.

Mama Kola alichukua kifuniko. Alinusa mara moja. Alinusa mara ya pili, kwa sababu hakuamini bahati yake.

"Hii ni dawa ya kutoa madoa," alisema.

"Nini?"

"Dawa ya madoa ya grisi. Ninayo galoni nzima chini ya meza. Naipaka kwenye kola."

Bibi akakumbuka, na uso wake ukaanza kukunjamana. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akisafisha zulia la duka, alisema, mwenye tabia ya kusahau vitu vyake kila mahali. Kisha kicheko kikamshika, kikamtikisa mpaka miwani ikamtoka na kuning'inia kwenye mnyororo. Mama mkwe akacheka kwa sababu Bibi anacheka. Shemeji akacheka kupitia puani, kwa starehe ya mtu anayejaribu gari jipya. Fundi hakucheka kwanza. Alimsikitikia Mgeni kidogo. Halafu akamwona mkewe amejishika mbavu, machozi yanamtoka, ya aina ile nyingine, naye akashindwa kujizuia.

Basi mambo yakaisha hivyo. Adhabu ya Fundi ilikuwa kufua mashati yale mwenyewe, kwa mkono, ila yalifuliwa mawili tu: la tatu mama mkwe alikataa kulirudisha, na la nne Mama Kola alilifunga tena kwenye nailoni akaliweka kabatini kwake bila kueleza. Mafundi wa duka la vifaa waliendelea na Bi Urujuani mpaka siku Mama Kola alipopita pale, akamnusa kila mmoja wao kwa zamu, akaanza kueleza jana jioni walikuwa wapi. Hakufika hata kwa mtu wa tatu. Jina likafa siku ile ile.

Jumanne na Alhamisi sasa wanakaa watatu mezani kwa Bibi. Jumamosi Bibi mwenyewe anashuka ngazi, anakwenda kwa dobi, anasimama nyuma ya kaunta amevaa viatu visivyombana. Mteja akifuata nguo zake ananusishwa kipande cha karatasi kabla hajapewa kifurushi. Anayejibu "inanukia vizuri" anaambiwa arudi nyuma ya foleni. Maandishi mekundu bado yako ukutani, lakini kuna mtu ameongeza chini yake kwa penseli: *mtu ruksa.*

Juzi mteja mmoja alileta kichupa alichokikuta kwenye droo ya shangazi yake, kidogo kama kidole gumba. Fundi alinusa, akasema ni majani makavu baada ya mvua ya kwanza. Mama Kola akasema hakuna mvua hapo, ni daftari jipya la shule. Bibi aliombwa aamue, akakataa, akasema kwake yeye ni ndani ya gitaa. Wamebishana siku tatu sasa. Asubuhi ya leo Fundi alikuwa ameinama chini ya sinki la mtu, kichwa chote kimezama ndani, simu ikalia. Alikuwa mkewe.

"Nimekinusa tena," alisema. "Ni daftari."

"Limenyeshewa?"

Fundi alimsikia anavuta pumzi.

"Kidogo," Mama Kola alisema. "Pembeni. Lakini ni daftari."